Seli si ile michoro miwili ya kitabuni, wa mmea na wa mnyama

Bandua ngozi nyembamba iliyo ndani ya gamba la kitunguu, itandaze juu ya kioo, idondoshee iodini kidogo, kisha chungulia kwa hadubini. Utaona visanduku virefu vimepangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake. Rangi ya kijani huioni hata chembe. Wanafunzi wengi hapo hudhani wameharibu jaribio, maana seli ya mmea iliyochorwa kitabuni imejaa kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani. Hawajaharibu kitu. Kloroplasti hutumia mwanga kutengeneza sukari, kwa hiyo huzikuta kwa wingi majanini. Tabaka za ndani za kitunguu, zilizo gizani, zingezifanyia nini?

Dhana: Mimea ina kloroplasti, wanyama wana mitokondria.
Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inasikika kama mgawanyo wa haki. Sukari ni kama kuni: kuwa nayo si kupata moto. Lazima ivunjwe ndipo nishati itoke, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya mitokondria. Seli za mimea zinazo pia. Zisingekuwa nazo, mmea ungeishije usiku?

Dhana: Kila seli ina kiini.
Bakteria hawana, DNA yao imejikunja tu ndani ya sitoplazimu, yaani ute unaoijaza seli, bila utando wa kuizunguka. Lakini huna haja ya kwenda mbali hivyo. Seli nyekundu ya damu yako huanza maisha kwenye uboho ikiwa na kiini, kisha hukitupa nje, na mitokondria zake nazo huondoka. Inabaki kama kifuko kilichobonyea katikati, kimejaa himoglobini ya kubebea oksijeni. Gharama yake ni kwamba haiwezi tena kujitengenezea protini mpya, hivyo huchakaa baada ya siku 120 hivi. Ukitazama damu ya kuku au ya chura, viini utavikuta mahali pake.

Dhana: Ukuta wa seli ni wa mimea peke yake.
Kuvu wana ukuta wa kitini, bakteria wengi wana wa peptidoglaikani, mimea ina wa selulosi. Dawa ya penisilini huvuruga ujenzi wa ule wa bakteria. Seli zetu hazina ukuta wa kuvurugwa. Na ukuta hauchukui nafasi ya utando: seli yenye ukuta ina utando wake kwa ndani.

Dhana: Bakteria hawaonekani bila hadubini.
Karibu wote, ndiyo. Mwaka 2022 wanasayansi walimtangaza *Thiomargarita magnifica*, bakteria aliyepatikana kwenye mikoko ya Guadeloupe, visiwa vya Karibi: seli moja, urefu wa sentimita moja hivi, kama kipande cha uzi mweupe. Na DNA yake, kinyume na nilivyoandika hapo juu, imo ndani ya vifuko vyenye utando.