Mekong: Ndege Juu, Adui Ukingoni

Vijana wanaotembelea Fort Jesus wakisikia kwamba ngome hii ilizingirwa kuanzia 1696 hadi 1698, waliomo wakisubiri meli za msaada kutoka Goa, huuliza: je, kama zingekuwapo ndege za kivita? Swali hili ni zito, na sehemu ya jibu lake iko mto Mekong, nchini Kambodia.

Katika vita vya 1970 hadi 1975, mji mkuu Phnom Penh uliutegemea mto huo kwa mchele, mafuta na risasi. Shehena ilitoka Vietnam Kusini kwa meli ndogo na matishari, kisha ikapanda takriban kilomita 100 kutoka mpakani. Sisi wa Mombasa tunajua meli inavyoingia Kilindini taratibu, nchi kavu ikiwa pande zote. Huko Mekong wapiganaji wa Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti waliopigana na serikali, walijificha kingoni na roketi. Kiangazi ndicho kilichokuwa kibaya zaidi: maji yakipungua, njia ya meli hubana na chombo hulazimika kupita karibu na ukingo.

Marekani ilisindikiza misafara hiyo kutoka angani. Ndege ndogo za OV-10 zilipekua kingo. AC-130, yenye mizinga ubavuni kushoto, ilizunguka juu ya shabaha ikifyatua bila kuipa kisogo. Ulinzi huo ulisaidia sana. Ila ndege hurudi kutia mafuta, na aliyejichimbia kichakani yupo pale pale.

Tena wananchi waliumia, jambo ambalo wanaosifia ndege hulisahau. Tarehe 6 Agosti 1973, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, B-52, ilishusha mabomu kimakosa juu ya Neak Luong, mji wa mtoni uliokuwa mikononi mwa serikali. Watu 137 waliuawa.

Marekani ilisitisha mashambulizi ya anga Agosti 15 mwaka huo. Hata hivyo misafara iliendelea kupita kwa zaidi ya mwaka, kwa kuwa wanajeshi wa serikali bado walishikilia vituo muhimu kingoni. Kiangazi cha 1975 Khmer Rouge waliziteka kingo na kutega mabomu majini penye wembamba. Msafara wa mwisho ulifika mwishoni mwa Januari.

Zikabaki ndege za mizigo, zikitua Pochentong, uwanja wa ndege wa Phnom Penh, huku ukipigwa roketi. Shehena zake hazikuutosha mji uliofurika wakimbizi. Watoto walikufa kwa utapiamlo kabla Phnom Penh haijaanguka Aprili 17.