Pua mpya haionekani siku bandeji inapotolewa: dhana potofu kuhusu upasuaji wa pua

Dhana: Bandeji ikitolewa, pua yako mpya ndiyo hiyo.
Sivyo, na hapa ndipo wengi wanapolia bure. Kifuniko kigumu hutolewa baada ya wiki moja hivi, na unachokiona kwenye kioo wakati huo ni uvimbe. Damu iliyovilia chini ya macho hufifia kwa takriban wiki 2. Uvimbe wa ncha ya pua ndio mkaidi: huchukua hadi mwaka mzima, na kwa mwenye ngozi nene huweza kupita hapo. Ncha yenyewe huweza kubaki ngumu na yenye ganzi kwa miezi. Ndiyo maana madaktari kwa kawaida husubiri angalau mwaka mmoja kabla ya kurekebisha kasoro iliyobaki. Nakusihi, usijipige picha kila asubuhi kulinganisha, utajitesa tu.

Dhana: Maumivu yake hayavumiliki.
Mara nyingi mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi. Baadaye kinachosumbua zaidi ni pua kuziba, kama mwenye mafua makali aliyekatazwa kupenga kamasi. Kulala kichwa kikiwa juu husaidia.

Dhana: Ni urembo tu.
Pua ni njia ya hewa. Gegedu, yaani mfupa laini unaoipa pua umbo, ikikatwa kupita kiasi, kuta za pua hulegea na kubonyea ndani kila unapovuta pumzi, na umbo zuri halitakufariji usiku unapokosa hewa. Kwa sababu hiyo daktari makini huimarisha anachokibakiza, wakati mwingine kwa gegedu iliyotolewa katikati ya matundu ya pua, sikioni au ubavuni. Mwulize kuhusu kupumua kwako kabla hamjazungumzia umbo.

Dhana: Nikipeleka picha ya mtu, nitapata pua yake.
Ngozi, mfupa na gegedu ni vyako. Hata picha ya kompyuta anayokuonyesha daktari ni makadirio.

Dhana: Sindano ya kujaza pua haina hatari.
Sindano hiyo, inayotia dawa ya kujaza chini ya ngozi badala ya upasuaji, haipunguzi pua kubwa. Huficha tu nundu au bonde, na kwa aina ya dawa inayotumika zaidi matokeo huisha baada ya miezi. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi ya pua huweza kufa, na jicho huweza kupofuka. Hutokea kwa nadra, lakini jicho lililopofuka hivyo aghalabu halirudi kuona. Anayekuchoma sindano hiyo bila kukueleza haya, mkimbie.