Propela ikilia, uliza inalia lini kabla hujagusa difu

Wateja wengi huja wakiigiza mlio wa gari kwa mdomo. Mmoja atasema "ngo!", mwingine "kwi-kwi-kwi", wa tatu ananguruma kabisa. Nawasikiliza, ila ninachotaka hasa ni jibu la swali jingine: inalia lini? Ukikanyaga mafuta au ukiyaachia? Likiwa linaondoka tu au likishachanganya mwendo? Kwenye kona au njia ikinyooka? Gari la 4x4 lina giaboksi, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela shafti mbili (mihimili inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na difu mbili (gia za katikati ya ekseli zinazogeuzia nguvu kwenye magurudumu), na vyote vinapitisha sauti kwenye chesisi ileile. Sikio hudanganyika kirahisi kuhusu mahali, lakini si kuhusu wakati. Nimeona difu nzima zikifunguliwa na kubadilishwa kwa ugonjwa wa krosi, kile kiungo cha ncha ya propela kinachoiruhusu kupinda, iliyokauka grisi, na krosi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote huko chini.

Hesabu kidogo inachuja mengi. Difu yenye uwiano wa 4.1 maana yake propela inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.4 hivi. Gari likitambaa kwa kilomita 10 kwa saa, kokoto iliyonasa kwenye tairi itagonga mara moja na kitu kwa sekunde, lakini kasoro ya propela itasikika karibu mara 5. Ukiweza kuuhesabu mlio taratibu kwa vidole, anza kwenye magurudumu na breki. Ukikushinda kwa haraka yake, ingia chini ya gari uitazame propela.

Mlio ninaokutana nao kuliko yote ni kwi-kwi-kwi gari likianza kuondoka, kisha unapotea likishika kasi. Hiyo ni krosi iliyokauka. Krosi ina miguu minne, kila mguu umevaa kikombe, na ndani ya kikombe kuna beringi za sindano nyembamba zilizojipanga duara. Sindano hizo hazizunguki mzunguko kamili. Zinayumba mbele na nyuma palepale. Grisi ikiisha au maji yakiingia, kila sindano inachimba mfereji wake kwenye mguu wa krosi. Ukiifungua utaona mistari imelala sambamba, na ukipitisha kucha inakwama. Hata kabla ya kufungua, tazama mdomo wa kikombe. Ukikuta unga mwekundu wa kutu umetokeza kwenye sili, krosi hiyo imekwisha. Grisi utakayopiga leo itaunyamazisha mlio kwa muda tu, chuma kilicholika hakirudi.

Kuipima, egesha mahali tambarare, zima injini, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, kisha toa gia ili shafti isibanwe. Hapo kwenye kabari nasisitiza. Katika baadhi ya magari, Land Rover Defender za zamani zikiwemo, breki ya mkono iko nyuma ya transfa na inaishika propela ya nyuma, si magurudumu. Ukifungua propela hiyo huna tena breki ya mkono. Hata ukinyanyua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, difu inaweza kuliruhusu gari litambae wewe ukiwa chini yake.

Shika flanji (sahani ya bolti ambapo propela hufungwa kwenye difu au transfa) kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, uzisokote kinyume. Kisha ingiza mtaimbo uisukume shafti juu na chini karibu na kila krosi. Flanji na shafti zikisogea pamoja halafu zikagota, huo ni mwanya wa meno ya difu au transfa, na kila gari lina kiasi chake kinachokubalika. Flanji ikisimama huku shafti inaendelea kusogea, hata kwa unene wa karatasi, badilisha krosi. Krosi nzima haichezi.

Ile "ngo!" moja unapohama kutoka D kwenda R, au unapokanyaga mafuta baada ya kuyaachia, ina watuhumiwa wengi zaidi: krosi, mwanya wa difu, mauntini (mipira inayobeba) za injini na giaboksi, na slipu. Huyu wa mwisho husahaulika sana. Slipu ni sehemu yenye meno ambapo shafti inarefuka na kufupika springi zikipanda na kushuka. Ikikauka haitelezi, inang'ang'ania, halafu inaachia ghafla, mara nyingi gari likisimama au likiondoka. Dawa yake ni grisi, na hapa ndipo watu wanaharibu kwa kuipiga kama wanavyopiga krosi. Krosi unapiga bomba mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne, na kikombe kinachokataa ujue kimeziba au kimekufa. Slipu unaipa kidogo, na shafti ikianza tu kurefuka unaacha. Ukiijaza, springi ikibanwa grisi haina pa kwenda, na shafti inageuka mtaimbo unaozisukuma beringi za transfa na za pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu.

Kujua kama mlio uko mbele au nyuma ni rahisi kwenye gari lenye loki za habu, yaani vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na ekseli au kuyaachia. Loki zikiwa wazi na transfa ikiwa kwenye mbili (magurudumu ya nyuma tu yanasukuma), propela ya mbele imetulia. Funga loki bila kutia fowili (kusukuma kwa magurudumu yote manne): sasa propela ya mbele inazungushwa na magurudumu, haina mzigo. Mlio ukizaliwa hapo, uko mbele. Gari lisilo na loki za aina hiyo, kama linaingia fowili kwa hiari yako, fungua propela ya mbele uliendeshe bila hiyo. Na tafadhali, gari la namna hiyo likikaza na kugonga ukikata kona ya lami huku umetia fowili, halijaharibika. Halina difu ya katikati, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti. Toa fowili.

Mtetemo unaokuja kwa kasi fulani ni habari nyingine. Kwanza osha. Matope yaliyoganda upande mmoja wa shafti, au ndani ya rimu, yanatosha kutetemesha gari zima. Baada ya hapo tafuta bonde kwenye bomba la shafti, au alama ya kibati cha balansi kilichobanduka. Vikikosekana, tazama uma, yaani mikono inayoishika krosi, za ncha mbili za shafti. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi kwa kasi moja: katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Kwa nyuzi 20 ni kama asilimia 6. Krosi ya pili ndiyo inayolifuta kosa la ya kwanza, mradi pembe zilingane na uma zilale mstari mmoja, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine. Shafti ikichomolewa kwenye slipu na kurudishwa imeruka jino moja, mtetemo umeshaununua. Ndiyo maana nachora alama ya rangi kabla sijalegeza bolti hata moja. Na ndiyo maana simpongezi mtu aliyenyanyua gari kwa springi ndefu bila kupima pembe za propela.

Difu yenyewe ikiugua husema kwa mvumo wa juu unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiyaachia. Beringi ya gurudumu hunguruma, na ngurumo hubadilika ukiyumbisha usukani kushoto na kulia. Ta-ta-ta kwenye kona kali ni joinda za ekseli za mbele, viungo vinavyoyazungusha magurudumu hata yakiwa yamekatwa kona. Angalia kama mpira unaozifunika umechanika.

Mimi natumia grisi ya lithiamu ya EP (ya kuvumilia shinikizo kubwa) namba 2, kila kilomita 5,000, na mara tu gari linapotoka kwenye maji ya kina, hata kama nilipiga jana. Futa nipeli (kichwa kidogo cha kupigia grisi) kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye shafti zenye krosi pacha (mbili zilizounganishwa kwenye ncha moja), tafuta kama kuna nipeli ya kitufe cha katikati. Imejificha, na kwa nyingine lazima uzungushe shafti ndipo bomba lifike. Ukimaliza, pitisha spana kwenye bolti za flanji.

Krosi ya nyuma ikikatikia njiani, usiburuze shafti inayoning'inia. Ifungue ncha zote mbili uitoe, tia fowili, au funga difu ya katikati kama gari lina hiyo, uende taratibu kwa ekseli ya mbele. Kama shafti yako inachomeka moja kwa moja ndani ya transfa, ziba tundu kwa mfuko mgumu na mpira wa tyubu, maana oili yote itatokea hapo.