Bunduki ni yako kihalali, sawa, ila haimaanishi uko salama

Kuna hii kauli naisikia sana kwa wabongo na wakenya walioko Marekani, eti "mi bastola nimenunua dukani kihalali, dogo akiichukua akafanya ujinga hiyo kesi yake sio yangu". Hapana ndugu yangu, sio hivyo kabisa.

Angalia kesi ya jimbo la Michigan. Novemba 2021 James Crumbley alinunua bastola kihalali, siku nne baadae mtoto wake wa miaka 15 akaingia nayo shuleni Oxford, hukohuko Michigan, akaua wanafunzi wanne. Baba akasema si niliificha kabatini, risasi nikaziweka kwingine chini ya jinzi. Polisi walivyopekua wakakuta kufuli ya waya ya kufungia bastola bado iko kwenye pakiti yake, hata haijafunguliwa! Na hapo jimbo halikuwa hata na sheria ya kuhifadhi silaha nyumbani, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, baba na mama wote, na Aprili 2024 kila mmoja akala miaka 10 hadi 15.

Sasa hivi sheria ipo, tangu Februari 2024, kama kuna mtoto chini ya miaka 18 ndani au anaweza kuja, bunduki itolewe risasi na ipigwe kufuli, au iwe kwenye sefu iliyofungwa. Kuificha chini ya godoro sio kuifungia, na watoto tunawajua, pipi zenyewe ukificha wapi wanazipata.