Uchungu wa hasara: akili inavyopima kupata na kukosa

Uchungu wa hasara ni tabia ya akili kuiona shilingi iliyopotea kuwa kubwa kuliko shilingi hiyohiyo ikipatikana. Ukiokota noti ya elfu kumi asubuhi utafurahi. Ukiidondosha jioni utaumia kuliko ulivyofurahi, ingawa mfukoni umerudi palepale ulipoanzia. Amos Tversky na Daniel Kahneman, wanasaikolojia waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi, walikadiria mwaka 1992 kwamba hasara ina uzito wa takriban mara 2.25 ya faida iliyo sawa nayo. Ndiyo maana ukimwambia mtu mrushe sarafu, akikosa atoe 10,000, mara nyingi hatakubali mpaka umwahidi kama 20,000 akipata.

Watu wengi huishia hapo: binadamu anaogopa kupoteza, basi. Lakini sehemu inayokula fedha za watu ni ile inayofuata.

Katika utafiti wao wa mwaka 1979, wawili hao waliwauliza watu 95 wachague: kupata 3,000 kwa hakika, au nafasi ya asilimia 80 ya kupata 4,000. Asilimia 80 walichukua 3,000 za hakika. Kisha swali likageuzwa: kupoteza 3,000 kwa hakika, au nafasi ya asilimia 80 ya kupoteza 4,000? Hapo asilimia 92 walichagua kubahatisha. Piga hesabu uone. Asilimia 80 ya 4,000 ni 3,200. Upande wa faida, kubahatisha kulilipa zaidi kwa wastani, wakakukataa. Upande wa hasara, kubahatisha kuligharimu zaidi, wakakukimbilia. Mtu yuleyule ni mwoga akiwa juu ya mtaji wake na jasiri akiwa chini yake, na ujasiri huo humjia wakati mbaya kabisa.

Anayebeti anaijua hali hii hata kama hajawahi kusikia jina lake. Amepoteza 1,000, anaweka 2,000 ili airudishe, kisha 4,000, kisha 8,000, akiamini kwamba siku atakayopata atafidia yote. Tuchukue odi ya 1.90, yaani akishinda analipwa dau lake mara 1.90, ambayo ni ya kawaida kwa jambo lenye nafasi nusu kwa nusu. Akishinda mara ya nne analipwa 15,200 na ametumia 15,000, kwa hiyo anabaki na 200. Akishinda mara ya tano, kwa dau la 16,000, analipwa 30,400 ilhali ametoa 31,000. Ameshinda na bado ana hasara ya 600. Kukimbiza hasara kwa kuongeza dau maradufu hakurudishi fedha kwa odi hiyo, hata bahati ikija, ikiwa imechelewa.

Kinachompa moyo ni imani kwamba baada ya kukosa mara nyingi, zamu yake imekaribia. Mwaka 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji wakapoteza fedha nyingi sana kwa kuweka kwenye nyekundu wakisema sasa lazima igeuke. Gurudumu halina kumbukumbu. Kila mzunguko ulikuwa na nafasi ileile ya mzunguko wa kwanza.

Kuna mtego mwingine ndani ya mkeka, yaani mechi kadhaa zilizobetiwa kwa pamoja, ambao hulipa tu zikitimia (zikitiki) zote. Weka mechi 10, kila moja kwa odi ya 1.90 na nafasi ya nusu. Uwezekano wa zote kutiki ni 1 kati ya 1,024, na malipo ni kama mara 613 ya dau. Uwezekano wa mkeka kuchanika kwa timu moja tu ni 10 kati ya 1,024. Yaani kila mkeka mmoja unaotiki, mikeka kumi huishia na "timu moja tu imeniangusha". Akili huusoma mkeka huo kama dalili kwamba umekaribia na ujuzi unakua, kumbe ndivyo hesabu inavyotoa hata kwa anayechagua akiwa amefumba macho. Na kadiri mechi zinavyoongezeka ndivyo makato ya kampuni yanavyojirudia: kwa mechi moja ya odi hiyo unapoteza kwa wastani asilimia 5 ya dau, kwa mechi kumi ni kama asilimia 40.

Nje ya kubeti, mambo ni yaleyale. Mfanyabiashara aliyenunua gunia la mahindi kwa 80,000 na sasa bei ni 65,000 hukataa kuuza "kwa hasara", huku wadudu wakiingia ghalani na mkopo ukiendelea kuzaa riba. Mwenye hisa huwahi kuuza zilizopanda na kung'ang'ania zilizoshuka. Wote wanapimia bei waliyonunulia, ambayo soko haliijui wala haliijali. Swali lenye faida ni hili: kama nisingekuwa na mzigo huu, ningeununua leo kwa bei ya leo? Jibu likiwa hapana, kuendelea kuushika ni sawa na kuununua upya kila asubuhi.

Kwa kuwa maamuzi huharibika ukiwa tayari chini ya mtaji, kikomo kiwekwe kabla. Andika kiasi utakachokubali kupoteza na bei ambayo ikifikiwa utauza, na ukiandike siku unayonunua, kabla bei haijasogea. Siku uliyopata hasara, usiongeze fedha mpaka kesho yake. Na ukiomba ushauri, mwambie mtu bei ya leo, hali ya mzigo na deni lililobaki, lakini usimtajie ulinunua kwa shilingi ngapi. Ukishamtajia, naye ataanza kuhesabu kutoka hapo.