Samaki Anaonekana Mzima: Tunavyosoma Bayomaka

Kazi yangu ni kupima uchafuzi wa maji kupitia mwili wa samaki, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kama mna mashine za kupima maji, samaki wa nini tena? Chota chupa, peleka maabara, subiri majibu.

Chupa inakueleza kilichokuwa kinapita mtoni dakika ile ulipoichota. Kiwanda kikifungulia bomba usiku wa manane, nawe ukafika saa nne asubuhi, chupa yako itatoka safi. Hata ukiwahi, mashine hutafuta kile ilichoagizwa tu. Ukiiagiza kadimiamu, haitakwambia lolote kuhusu dawa ya wadudu. Na ukishapata orodha ndefu ya kemikali na viwango vyake, bado hujajua zimemfanya nini kiumbe anayeishi mle ndani.

Samaki yumo majini usiku na mchana. Anapitisha maji kwenye matamvua bila kupumzika, anakula kilichotua kwenye tope, na mwili wake unajibu kila kinachomwingia. Majibu hayo yanapimika: kimeng'enya kinachopanda au kushuka, protini inayotokea mahali isipotakiwa, seli inayovunjika vibaya. Hizo ndizo bayomaka.

Kuna mambo mawili ambayo wengi wanaoanza kazi hii huyachanganya, na ripoti nyingi huharibikia hapo: kuguswa na kuumia. Bayomaka nyingi tunazozisifia zinathibitisha kwamba samaki kaguswa na kemikali fulani. Ni chache zinazothibitisha kwamba kaumia. Ukiziandika zote kwa sauti moja, msomaji ataogopa pasipo na sababu, au atatulia palipo na hatari.

Tuanze na ini, maana ndiko shughuli iliko. Hidrokaboni za mafuta na za makaa ya mawe yaliyoungua, pamoja na dioksini na baadhi ya PCB (zote ni kemikali zenye klorini zinazodumu muda mrefu), zikiingia kwenye seli ya ini hushikana na kipokezi maalumu. Kipokezi hicho huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru kimeng'enya kiitwacho CYP1A kitengenezwe kwa wingi. Kazi ya CYP1A ni kuanza kuzivunja kemikali hizo ili zitolewe kupitia nyongo. Kwa hiyo, ini lenye CYP1A nyingi ni ini lililo kazini. Tunaipima kwa njia inayoitwa EROD: ini linasagwa kwenye baridi, linazungushwa kwenye mashine hadi sehemu yenye kimeng'enya ijitenge, kisha tunaongeza ethoksiresorufini. Kimeng'enya hukikata kiambata hicho na kukigeuza resorufini, ambayo hung'aa ikipigwa mwanga wa rangi inayofaa. Mashine inasoma mng'ao ukipanda dakika hadi dakika, nasi tunagawanya kwa kiasi cha protini iliyomo.

Wazo hili si geni. Mwaka 1976 Jerry Payne, akifanya kazi Newfoundland nchini Kanada, alichapisha ushahidi kwamba vimeng'enya vya aina hii kwenye samaki vinaweza kutumika kufuatilia uchafuzi wa mafuta baharini. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, baadhi ya samaki wa Prince William Sound, ghuba yalikomwagika mafuta hayo, waliendelea kuonyesha CYP1A iliyopanda kwa takriban muongo mzima. Fukwe zilishapendeza machoni, kumbe chini ya mchanga na mawe mafuta yalikuwepo.

Je, CYP1A ikipanda samaki kaumia? Hapana, si lazima. Ini linafanya kazi liliyoumbiwa. Tatizo ni kwamba katika kuivunja benzopairini, mojawapo ya hidrokaboni hizo, kimeng'enya hichohicho hutengeneza vipande vikali vinavyoweza kunata kwenye DNA. Kinga inazaa madhara. Ndiyo maana EROD ya juu sikai nayo peke yake. Naitafutia mwenzake upande wa madhara, na hapo damu inasaidia sana. Chembe nyekundu za damu ya samaki zina kiini, tofauti na zetu. Unapaka tone la damu kwenye kioo, unalipaka rangi, unaliweka chini ya hadubini. Seli nyingi zina kiini kimoja cha mviringo. Ila hapa na pale utaona moja yenye kijiduara kidogo kilichojitenga pembeni, chenye rangi ileile ya kiini: kipande cha kromosomu kilichoachwa nje seli ilipogawanyika. Unahesabu maelfu ya seli ukitafuta vijiduara hivyo, shingo inauma, lakini ni kipimo cha bei ndogo na kinaongea wazi.

Sasa kuhusu mezani, ambako data nyingi nzuri hufia. Samaki akishakufa, saa imeanza kukimbia. Damu hutolewa kwanza, kwa sindano iliyolowekwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwenye mshipa unaopita chini ya uti wa mgongo karibu na mkia. Kisha unafungua tumbo. Kifuko cha nyongo kimejibanza kwenye ini, na ukikitoboa kwa mkasi, kijani kinamwagika juu ya ini na kuharibu vimeng'enya ulivyovifuata. Kwa hiyo nyongo inanyonywa kwa sindano kabla ini halijaguswa. Nayo haitupwi: mabaki ya hidrokaboni yaliyovunjwa yamo humo, na yanaonyesha alichokutana nacho samaki siku chache zilizopita. Tahadhari tu, samaki mwenye njaa ana kifuko kimejaa nyongo nzito, na aliyetoka kula ana kifuko kitupu au chenye nyongo nyepesi. Usipolizingatia hilo utamtangaza mwenye njaa kuwa ndiye mchafu. Ini lenyewe linakatwa vipande na kutumbukizwa kwenye naitrojeni ya kimiminika palepale. Likisahaulika mezani kwenye joto, hakuna takwimu itakayoliokoa.

Jinsia nayo ina neno. Jike anapojiandaa kutaga, homoni zake za kike huishusha EROD. Ukivua majike wenye mayai kwenye maji machafu na madume kwenye maji safi, unaweza kupata jibu lililopinduka. Joto la maji linaingilia pia. Na palipo na sumu nyingi kupita kiasi, kimeng'enya kinaweza kukandamizwa kikashuka badala ya kupanda. Mimi huchagua jinsia moja, nje ya msimu wa kutaga, basi.

Bayomaka ninayoipenda kuliko zote ni vitelojenini. Ni protini inayotengenezwa kwenye ini la jike kwa amri ya estrojeni, kisha inasafiri kwenye damu hadi kwenye mayai na kuwa kiini cha yai. Dume naye ana jeni ya kuitengeneza, lakini kwa kawaida haiamshwi kwa sababu estrojeni yake ni ndogo mno. Dume akikutwa na vitelojenini tele kwenye damu, hakuna kubishana: kuna kitu kinachofanya kazi ya estrojeni majini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza waliweka samaki aina ya trauti ndani ya vizimba karibu na maji yanayotoka kwenye mitambo ya kusafisha maji taka, na madume wakawa na vitelojenini kama majike. Mwaka 1998 Susan Jobling na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye mito ya huko, madume wa samaki aitwaye roach walikuwa na mayai yanayoota ndani ya korodani. Kilichohusika kwa sehemu kubwa kilikuwa homoni za kike za binadamu zenyewe, pamoja na ethinilestradioli ya vidonge vya uzazi wa mpango, zikipita kwenye mtambo bila kuisha.

Je, dume mwenye vitelojenini ni jambo la kuhangaikia, au ni udadisi wa maabara tu? Jibu lilitoka kwenye ziwa dogo linalojulikana kwa namba, ziwa 260, katika eneo la majaribio la maziwa kaskazini-magharibi mwa Ontario. Kuanzia 2001 hadi 2003, timu ya Karen Kidd iliweka ethinilestradioli kwenye ziwa zima hadi kufikia nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, kiasi ambacho unaweza kukuta kwenye maji taka yaliyosafishwa. Vitelojenini ikapaa kwa madume. Korodani zikavurugika. Kisha samaki wadogo waitwao fathead minnow, wanaoishi miaka michache tu na hivyo hawawezi kuruka misimu kadhaa bila kuzaa, wakakaribia kutoweka ziwani. Kemikali ilipoachwa, walichukua miaka kadhaa kurudi. Kwangu huu ndio mfano safi kuliko yote wa kuguswa kunakofika hadi kwenye kupungua kwa samaki majini, hatua kwa hatua, bila kukisia.

Vipimo vingine nitavipitia harakaharaka. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabamati huzuia asetilikolinesterezi, kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika. Kikizuiwa, misuli haipati amri ya kutulia, samaki anaogelea ovyo na kuliwa kirahisi. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba dawa inaweza kuisha majini baada ya siku chache, lakini ubongo wa samaki aliyeguswa na oganofosfeti hukaa wiki kadhaa kabla haujarudi sawa. Kimeng'enya kikishuka kwa asilimia 20 au zaidi chini ya kiwango cha samaki wa maji safi, huwa tunahesabu kwamba kaguswa. Kabamati ni janja zaidi, hujiachia mapema, hata ndani ya sampuli ukichelewa kuipima. Kwa metali kuna metalothayonini, protini inayozikamata kadimiamu, zebaki, shaba na zinki. Inafaa, lakini zinki na shaba ni mahitaji ya mwili pia, na protini hii hupanda hata kwa msongo na wakati wa kutaga, kwa hiyo simhukumu mtu kwa hiyo peke yake.

Na usiidharau mizani na rula. Uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, gawanya kwa urefu wa sentimita uliozidishwa wenyewe mara tatu: unapata kipimo cha unono wa samaki. Pima na ini lake kama sehemu ya uzito wa mwili. Vijana wanaotoka chuoni na mashine zao huviona vipimo hivi vya kizamani, kisha wanarudi kuviomba wakati wa kuandika.

Hadi hapa nimeongea kana kwamba tatizo ni bayomaka kupanda. Kinachoninyima usingizi ni bayomaka iliyotulia. Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani yuko samaki mdogo, Fundulus heteroclitus, asiyesafiri mbali na anapozaliwa. Baadhi ya vizazi vyake vimeishi kwa miongo mingi kwenye sehemu zilizooza kwa kemikali, kama bandari ya New Bedford yenye PCB na mto Elizabeth wenye kreosoti, dawa ya lami ya kuhifadhia mbao. Ukiwachukua samaki hawa ukawapa sumu ambayo ingepandisha CYP1A ya ndugu zao wa maji safi, ini lao karibu halijibu. Uteuzi wa asili umewabakiza wale ambao njia ya kile kipokezi nilichokitaja imezimwa au kufifishwa. Ni mbwa aliyezoea wezi. Mpimaji asiyejua akija na EROD yake ataandika kwamba bandari iko salama.

Ndiyo maana, ninapohisi wenyeji wamezoea, naleta samaki wa nje. Perege au kambale waliofugwa kwenye maji safi, wanaojulikana umri na chakula chao, wanawekwa kwenye vizimba mahali pa kupima na wengine mahali pa kulinganisha, kisha wanachukuliwa baada ya muda uleule. Vizimba vinaondoa pia ubishi wa samaki anayehamahama, maana ini la samaki aliyevuliwa leo hapa linaweza kuwa linajibu maji ya alikotoka. Kizimba nacho kina kasoro: kikibanana, samaki anapata msongo, na msongo unaingia kwenye vipimo. Wachache, nafasi kubwa.

Kuna jambo moja la muda ambalo wasimamizi wa mazingira hulipitia juujuu. Kwenye mto Black jimboni Ohio, samaki wa jamii ya kambale waliokuwa wakiishi juu ya tope lenye hidrokaboni walikuwa na saratani za ini kwa wingi. Kiwanda cha koki, yaani makaa ya kuyeyushia chuma, kilifungwa mwaka 1983 na saratani zikapungua. Mwaka 1990 tope likachimbwa na kuondolewa, na kwa muda saratani zikapanda tena, kwa kuwa uchimbaji ulilitibua lililokuwa limetulia. Samaki waliozaliwa baadaye, juu ya sakafu iliyosafishwa, wakatoka vizuri. Aliyepima muda mfupi baada ya uchimbaji na kufunga faili angesema fedha zimepotea bure. EROD inaweza kushuka ndani ya wiki chache samaki akihamishiwa maji safi, lakini saratani inafuata umri wa samaki. Kila kipimo kina saa yake, na ratiba ya kuvua ipangwe kwa saa hiyo.

Mwisho, ulizo la jikoni, ambalo halikosi kuja: samaki huyu analiwa? Bayomaka hazijibu hilo. Samaki huvunja hidrokaboni vizuri, kwa hiyo ini linaweza kuwa linahangaika huku mnofu una kiasi kidogo tu. Zebaki ni kinyume chake: hujikusanya kwenye mnofu mwaka hadi mwaka, hasa kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, na samaki mwenyewe akaogelea vizuri, mnono, bila dalili inayoonekana. Kwa swali hilo kata mnofu, upime zebaki moja kwa moja, na usininukuu mimi na EROD yangu.