Kiingilio Hakitoshi: Ruzuku ya Sanaa Inalipa Nini Hasa

Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, ala ya muziki yenye nyuzi nyingi. Aliporudi akawafundisha wengine, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa. Kwa hiyo taarab tunayojivunia ilianza kwa hazina ya mtawala kumlipia mtu mmoja masomo. Hakuna tiketi iliyokatwa.

Ukiitazama ganuni yenyewe utaelewa kwa nini. Nyuzi zake huwa kama 78, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja. Daraja lake limekaa juu ya vipande vya ngozi, mara nyingi ya samaki. Masika unyevu ukiingia, ngozi inalegea, sauti inashuka, na mpigaji anashika ufunguo kukaza upya uzi mmoja mmoja. Kuimudu ni kazi ya miaka, na miaka hiyo haina kiingilio.

Sasa tupige hesabu ya onyesho moja. Kikundi cha watu 20 kinafanya mazoezi mara 12, saa tatu kila mara: hizo ni saa 720 za kazi. Onyesho la saa moja na nusu ni saa 30 tu. Kila saa moja ya jukwaani imebeba 24 ambazo mtazamaji hakuziona, na hapo bado nauli, chumba cha mazoezi na nyuzi zilizokatika.

Mwaka 1966 wanauchumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini pengo hili kati ya gharama na kiingilio halizibiki kwa juhudi peke yake. Kiwanda kikipata mashine mpya, mfanyakazi mmoja anazalisha zaidi kwa saa ileile, na ujira wake unapanda. Wimbo wa dakika 15 wa watu 20 bado unataka watu 20 kwa dakika 15. Ujira ukipanda mjini, gharama ya wimbo inapanda nao.

Soko lina jibu lake: punguza watu. Kinanda kimoja cha umeme kinashika nafasi ya fidla, akodiani na ganuni. Taarab ya kisasa ilipita njia hiyo, ikapata wapenzi wengi, na hakuna ubaya. Ila kinanda hakimfundishi mtoto kushika fidla.

Ruzuku basi iende kwenye zile saa 720. Maombi mengi huandikwa kinyume: jukwaa, taa, fulana na chakula cha mgeni rasmi vinajaza ukurasa, mazoezi yanabaki mstari mmoja ulioandikwa "posho". Kosa jingine liko upande wa mtoaji: fedha zinatoka mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa, kikundi kimeshakopa, na stakabadhi zinatafutwa baada ya kazi kwisha. Heri mkataba wa miaka mitatu, awamu ya kwanza ilipwe kabla ya mazoezi kuanza, ya pili baada ya kukaguliwa daftari la mahudhurio, ya mwisho baada ya taarifa ya matumizi. Daftari la mahudhurio ni ushahidi mzuri kuliko picha za ufunguzi.

Nani agawe? Uingereza ilipounda Baraza lake la Sanaa mwaka 1946, mpango ulikuwa serikali itoe fungu na baraza liamue nani apate, si waziri. Huo ni mpango mzuri, mradi mjumbe mwenye kikundi chake atoke chumbani ombi lake linapojadiliwa.

Kwa kikundi kinachoandaa ombi: taja wanafunzi wawili watatu na ala watakayofundishwa, saa kwa wiki, na ujira wa mwalimu. Weka pia seti nzima ya nyuzi za akiba. Zikiagizwa baada ya kukatika, mazoezi yanasimama mpaka zifike.